Nyama Hii Ni ya Mnyama Gani?



Ndugu mmoja wa Ipagala, Dodoma, aliyeingia katika Uislamu si zamani, anauliza: nikinunua soseji au nyama ya kusaga, nitajuaje kwamba si ya punda wala nguruwe? Na nisipojua, je, nimekula haramu?

Swali hili si la upuuzi. Dodoma palikuwa na machinjio ya punda, waliotakiwa hasa kwa ngozi zao zilizopelekwa China kufanywa dawa, hata Serikali ilipopiga marufuku mwaka 2022. Na nyama ya punda wa kufugwa Mtume Mtukufu s.a.w. aliikataza huko Khaibar, mwaka wa 7 Hijriya, vyungu vikiwa tayari motoni. Vikapinduliwa, ijapokuwa watu walikuwa na njaa.

Nyama ikisha kusagwa na kutiwa viungo, jicho na ulimi hudanganyika. Lakini Mwenyezi Mungu ameweka ndani ya chembe za mwili alama za asili yake, ziitwazo vinasaba. (Wengi wetu tumelisikia neno hili katika mashauri ya kumtambua baba wa mtoto tu.) Mtaalamu huchukua kipande kidogo, huvitoa vinasaba, huvizidisha mpaka vitoshe kusomwa, kisha huvilinganisha na vya wanyama wanaojulikana. Hata nyama iliyopikwa aghalabu hutoa ushahidi wake. Januari 2013 huko Ireland zilipimwa aina 27 za baga zilizouzwa kwa jina la ng'ombe: 10 zilikutwa na vinasaba vya farasi, na 23 vya nguruwe. Mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, walitangaza kwamba katika bidhaa 139 za nyama walizopima, 95 zilikuwa na kitu kisichoandikwa juu yake. Punda naye alionekana.

Hata hivyo kipimo kina mpaka wake. Chaweza kusema huyu ni ng'ombe, wala hakiwezi kusema kama alichinjwa kwa jina la Mungu au alikufa kibudu.

Basi mzigo mkubwa u juu ya muuzaji. Mtume s.a.w. alipopita sokoni alitia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu uliofichwa chini. Akamtaka mwenye mali aiweke juu sehemu iliyolowa ili watu waione, na akamkana mwenye kudanganya. Vinasaba havifanyi zaidi ya mkono ule.

Ama mnunuzi, akilishwa asichokijua bila uzembe wake, hana dhambi. Bibi Aisha r.a. amesimulia kwamba watu walimwuliza Mtume s.a.w. juu ya nyama walizoletewa na waliosilimu karibuni, wasijue kama zilitajiwa jina la Mungu. Akawaambia walitaje wao wenyewe, wale. Hakuwatuma kuwapeleleza wenzao. Ndugu yetu wa Ipagala na anunue kwa mwenye bucha anayemjua, atazame muhuri wa mkaguzi wa nyama, aulize waziwazi bila haya. Kisha aseme Bismillahi, ale.