Je, Mke Mwema ni Yule Anyamazaye?

Bibi arusi wa Kikristo hupewa mawaidha mengi kabla ya kuingia nyumbani mwake. Mama mzazi humpa yake, shangazi humpa yake, na akina mama wa jumuiya nao hawakosi neno. Lakini ukiyakusanya mawaidha hayo yote, mara nyingi utaona kwamba yanaishia katika neno moja: vumilia. Neno hilo ni jema, wala hatutaki kulipunguzia heshima. Hakuna ndoa idumuyo bila uvumilivu. Lakini tumeona kwamba wake wengi hulisikia kana kwamba wameambiwa: nyamaza. Ndiyo maana twauliza leo, je, kuvumilia na kunyamaza ni jambo moja?

Swali hili si la vitabuni tu. Tutazame Nyalikungu, penye makao makuu ya wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu. Nchi ile ni nchi ya pamba. Mbegu hupandwa mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba na Desemba. Kisha huja palizi, na kupuliza dawa, na kuchuma, hata mizani ifunguliwe mwezi wa Mei au Juni. Katika miezi hiyo yote jembe la mke halipumziki, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Lakini fedha hulipwa kwa siku moja, na jina lililo katika daftari la chama cha ushirika mara nyingi ni la mume. Hapo ndipo ndoa nyingi hujaribiwa. Mume mwema hurudi nyumbani, akaketi na mkewe kupanga: sare za watoto, bati la nyumba, chakula cha akiba. Mwingine huacha nusu ya fedha kilabuni. Mwingine huanza kutafuta mke wa pili, ingawa aliahidi mbele ya altare. Mkewe ayajua yote, wala hasemi neno. Majirani humsifu: mama yule ni mvumilivu kweli!

Sisi twasema, huenda ni mvumilivu, huenda ni mwenye hofu. Mambo hayo mawili hufanana kwa nje, lakini mizizi yake ni mbalimbali. Mvumilivu huchukua mzigo kwa mapendo, akitaka mwenzake apone. Mwenye hofu huuchukua kwa kuwa haoni mahali pa kuutua. Na mwenzake haponi, kwa sababu hapana mtu amwambiaye kwamba ni mgonjwa. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Uchungu usiosemwa hukua chini kwa chini, mpaka siku moja nyumba yaanguka, na waliomsifu mama yule wabaki kushangaa.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 25, twasoma habari za Abigaili. Mumewe, Nabali, alikuwa tajiri mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, lakini alikuwa mtu mgumu. Siku za kukata manyoya ya kondoo, ambazo kwa watu wale zilikuwa kama siku za mizani kwa mkulima wa Maswa, aliwatukana vijana wa Daudi, akaiingiza nyumba yake yote katika hatari ya kuuawa. Abigaili hakukaa kulia. Alipakia mikate, divai na nyama juu ya punda, akaenda kumtuliza Daudi, na nyumba ikaokoka. Aliporudi alimkuta mumewe amelewa sana. Hapo hakumwambia kitu. Alingoja asubuhi, divai ilipokwisha kumtoka, ndipo alipomweleza yote. Angalieni hekima ya mama huyo! Alijua wakati wa kutenda, wakati wa kufunga kinywa, na wakati wa kukifungua. Kimya chake kilikuwa cha usiku mmoja.

Mtakatifu Monika naye alikuwa hivyo. Mwanawe, Mtakatifu Augustino, asimulia katika Maungamo yake kwamba Patrisio, mumewe Monika, alikuwa mwepesi wa hasira, wala hakuwa mwaminifu. Monika hakushindana naye hasira ilipowaka. Ilipotulia, alimweleza sababu ya aliyoyatenda. Baada ya miaka mingi Patrisio alibatizwa kabla ya kufa. Kweli, Augustino aeleza pia kwamba Monika aliwashauri wake wenye alama za mapigo usoni wajihesabu kuwa watumishi wa waume zao. Hiyo ilikuwa desturi ya Warumi wa karne ya 4. Hekima yake ya kuchagua wakati twaipokea. Desturi ile hatuipokei.

Wengine watatuuliza: je, Mtakatifu Paulo hakuwaagiza wake watii? Ndiyo, aliagiza. Lakini Papa Pio XI, katika waraka wake juu ya ndoa wa tarehe 31 Desemba 1930, alifundisha kwamba utii huo haumwondolei mke uhuru wake, wala haumlazimishi kutimiza kila takwa la mume lisilopatana na akili au na heshima ya mke. Na Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1988 kwamba katika Waraka kwa Waefeso kujitiisha ni kwa wote wawili, kila mmoja kwa mwenzake, kwa ajili ya Kristo. Serikali nayo, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, imekataza mtu kumpiga mwenzi wake. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitambua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Basi mume asemaye kwamba ng'ombe wa mahari walimpa haki ya kupiga, au kwamba fedha ya pamba ni yake peke yake, hana wa kumtetea Kanisani wala mahakamani.

Sasa twasema nanyi, akina mama. Kwanza, semeni mapema: shauri la fedha lafaa kuanza wakati wa palizi, kabla mizani haijafunguliwa. Pili, chagueni saa na mahali, si mbele ya watoto wala ya rafiki zake. Tatu, semeni juu ya jambo lenyewe, bila kumtukana mama yake na ukoo wake. Tena msisahau kumshukuru kwa mema ayatendayo. Nne, mkishindwa wawili, waiteni wasimamizi wa ndoa yenu, au padre. Kutunza siri ya nyumba ni kutoitangaza aibu kisimani. Si kumficha mganga ugonjwa. Tano, salini pamoja kila jioni, maana ni vigumu kumdanganya mtu uliyepiga naye magoti.

Na penye hatari ya mwili au ya roho, kwa mke au kwa watoto, Sheria ya Kanisa katika kanuni ya 1153 yampa haki ya kutengana na mumewe, bila kuvunja kifungo cha Sakramenti. Mama akimbiaye kipigo asihesabiwe kuwa ameasi.

Hatuahidi kwamba kila mume atasikia. Wapo wake waliosema vema, kwa wakati wake, wasisikilizwe. Hapo ndipo uvumilivu wa Kikristo unapoanza: baada ya ukweli kusemwa, kungoja kwa sala na matumaini, kama Monika alivyongoja. Nanyi akina baba, mkeo anaposema nawe kwa upole, usimhesabu kuwa mshindani. Ajua kwamba ungali waweza kupona, ndiyo sababu anasema.

Bikira Maria, aliyeona kwamba divai imekwisha huko Kana asinyamaze, aziombee nyumba zetu.