Ridhaa ya Mwenye Shida: Ujira, Mkataba na Mwajiri Mdogo

Swali ambalo wanatheolojia, wanafalsafa na wanasheria wamelijadili kwa muda mrefu, na ambalo linamhusu mwenye mgahawa wa meza nne sawasawa na linavyomhusu mwenye kiwanda, ni hili: je, mtu akikubali kwa hiari yake kufanya kazi kwa masharti mabaya, ridhaa yake inatosha kuyafanya masharti hayo kuwa ya haki? Waajiri wadogo wengi nchini Tanzania hujibu kwamba inatosha, na utetezi wao husikika kwa maneno yaleyale: hakuna aliyelazimishwa, binti alikuja mwenyewe kuomba kazi, akaambiwa atakula na kulala hapohapo na kwamba mwisho wa mwezi wataangaliana, naye akakubali.

Udhaifu wa jibu hilo huonekana mara tu ridhaa yenyewe inapochunguzwa. Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alikiri kwamba mwajiri na mfanyakazi wana uhuru wa kupatana ujira, lakini aliweka juu ya mapatano yao haki ya asili, yaani haki inayotokana na utu wa mtu na kutangulia mkataba wowote, akashikilia kwamba anayepokea masharti magumu kwa sababu ya shida au hofu amedhulumiwa hata kama amekubali. Mafakihi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, walilikabili jambo hilo kwa njia nyingine, na pengine kwa makini zaidi, kwa kuwa hawakuanzia kwenye kiasi cha ujira bali kwenye kujulikana kwake. Katika ijara, ambao ni mkataba wa kukodi mali au kuajiri nguvu za mtu, kazi na ujira sharti vijulikane tangu mwanzo. Ujira usipojulikana mkataba huharibika, na aliyekwisha kufanya kazi hustahili ujira wa mfano, yaani ule unaolipwa kwa kawaida kwa kazi ya namna hiyo. Kwa kipimo hicho, "tutaangaliana" si ujira, na binti yule hakuwa amewekewa mbele yake kitu cha kukubali wala kukataa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haitaji dini yoyote, lakini imesimama karibu sana na wazo hilo. Kifungu cha 15 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi anapoanza kazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi yenyewe, mahali pake, tarehe ya kuanza, saa na malipo, na ayafafanue iwapo mfanyakazi hayaelewi. Wasiohusika ni wale tu wanaomfanyia mwajiri huyo kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Mgogoro ukizuka, mwajiri asiyeweza kuonyesha maandishi hayo ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Wapo wanaoliona hilo kuwa upendeleo. Hata hivyo, aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inayoagiza madeni ya muda yaandikwe, yawe madogo au makubwa, imeweka imla kwa yule anayedaiwa; na mwajiri ni mdaiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi, maana mfanyakazi hutangulia kutoa jasho ndipo alipwe.

Wengine hukwepa kwa kusema kwamba walio nao si waajiriwa, ni vijana wa kusaidia tu. Mafakihi walimtenga fundi anayehudumia wengi, kama fundi cherehani anayeletewa vitambaa na mtaa mzima, na mtu aliyejifunga kwa mwajiri mmoja kwa muda, kama kijana anayekalia cherehani ya pili ya fundi huyohuyo tangu asubuhi mpaka duka lifungwe. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, nayo huangalia nani anapanga saa, nani anatoa vitendea kazi na mtu anategemea mfuko wa nani, bila kujali amepewa jina gani.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya umaskini wa mwajiri mwenyewe, ambaye baadhi ya miezi hubakiwa na kidogo kuliko anachomlipa mpishi wake. Umaskini huo unaweza kueleza kwa nini ujira ni mdogo, alimradi haushuki chini ya kima cha chini cha sekta yake, lakini hauelezi kwa nini haujulikani, kwa nini saa za kazi zinavuka 45 kwa wiki bila malipo ya ziada, wala kwa nini mtu wa mshahara wa mwezi, asiye na kosa na aliyekwisha kuvuka mwezi wa kwanza, aambiwe jioni asirudi kesho, bila notisi ya siku 28. Kuandika hakuhitaji mtaji. Ukurasa wa daftari unatosha. Mwenye biashara ndogo asiyejua aanzie wapi na aanze na ukurasa huo, auandike kwa lugha anayoisoma mfanyakazi, ampe nakala, na yake aitunze kwa miaka 5 baada ya ajira kwisha, kama kifungu hichohicho cha 15 kinavyomtaka.