Deni la Chuo Kikuu kwa Mwalimu wa Ziba

Mwalimu wa shule ya msingi akiitwa chuo kikuu kwa semina ya siku tatu, akarudishiwa nauli, akapewa daftari na cheti, je, amefanyiwa hisani au amelipwa deni? Wengi watajibu upesi kwamba ni hisani, tena watamtaka ashukuru. Lakini jibu hilo ndilo linaloamua nani apange mada, nani azungumze kwanza na nani akae akiandika tu. Si jibu la kupita nalo haraka.

Ziba ni kata ya wilaya ya Igunga, mkoani Tabora. Kutoka huko ukienda Nzega kisha ukashika barabara ya kusini, unafika Tabora mjini, kilipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, kilichoanzishwa mwaka 2010 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Mji huo ni mji wa walimu tangu zamani. Julius Nyerere alisoma hapo, Shule ya Tabora, kuanzia 1937. Akaenda Makerere kusomea ualimu, akarudi kufundisha St. Mary's kuanzia 1946 mpaka alipokwenda Edinburgh mwaka 1949.

Ni Nyerere huyohuyo aliyemfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia wenzake. Asiporudi, amewasaliti. Mfano huo kwa kawaida humwelekea kijana mwenye shahada. Ni nadra kuelekezwa kwa chuo chenyewe, ilhali chuo nacho kimelishwa na kijiji. Kila profesa aliwahi kushikwa mkono na mwalimu wa darasa la kwanza, akafundishwa kuumba herufi. Na kulishwa huko hakujakoma. Vyuo hupeleka wanafunzi wao shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, na walimu wenyeji ndio wanaowaelekeza kupanga azimio la kazi, kurekebisha andalio la somo na kutuliza darasa bila fimbo, huku wakiwa bado na vipindi vyao wenyewe.

Hapo dini mbili kubwa za Tabora zina neno la kusema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1965 kuhusu utume wa walei, ulionya kwamba kitu ambacho mtu anastahili kwa haki asipewe kana kwamba ni zawadi ya upendo. Katika sheria ya Kiislamu nako, wasia hautekelezwi wala mirathi haigawanywi kabla ya madeni ya marehemu kulipwa. Haki inatangulia ukarimu. Mdaiwa anayemletea mdai wake zawadi huku deni limelala, bado anadaiwa.

Kwa vitendo tofauti ni kubwa. Mtoa sadaka huchagua mwenyewe atoe nini. Mlipa deni hana uhuru huo. Semina ikiwa ni malipo, basi swali la kwanza huulizwa Ziba, halafu ndipo mada ipangwe Tabora au Dar es Salaam.

Na maswali yapo. Mtoto anayezungumza Kinyamwezi au Kisukuma nyumbani anaandika "balabala" kwenye daftari lake. Mwalimu mgeni atasahihisha kwa wino mwekundu na kuendelea. Kesho yake "kalamu" imegeuka "karamu". Mwalimu aliyezoea watoto wa huko anajua kwamba sikio la mtoto halijazoea kutenganisha r na l, maana lugha ya nyumbani haimlazimishi kuzitenganisha. Kwa hiyo humtamkisha kwanza, polepole, akimwonyesha ulimi unavyokaa, kabla ya kumpa chaki. Anachokosa ni kujua wenzake wa kwingine wamelitatuaje tatizo hilohilo, na mtu wa kupima naye kama njia yake inafaa kweli. Hayo mawili chuo kikuu kinayo.

Wapelelezi Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857, ramani walichora wao, lakini misafara ilikuwa na kirangozi wa kuongoza njia na wapagazi wenye uzoefu wa safari hiyo. Mhadhiri anayekwenda Ziba ana ramani. Mwenyeji anajua maji yalipo.

Hii si kusema kwamba mwalimu hana la kujifunza. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifanywa walimu kwa masomo ya posta, redio na usimamizi wa shuleni. Watoto walipata wa kuwafundisha, lakini wengi wa walimu hao waliachwa na msingi mwembamba, wakabeba lawama ambayo haikuwa yao. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 nao hauwezi kuingia darasani kwa waraka peke yake.

Mifano mizuri ipo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilimwezesha mwalimu kusoma shahada bila kuacha darasa lake. Chuo hicho pia kimeshiriki katika TESSA, mpango ulioanza 2005, ambao vitabu vyake vya mbinu za kufundishia hutolewa bure, vingine kwa Kiswahili, na mwalimu anaruhusiwa kuvibadilisha vilingane na mazingira yake. Ruhusa hiyo ya kubadilisha ina thamani kuliko cheti. MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, nayo huwakutanisha walimu shuleni kwao na kwenye vituo vya walimu, wakajadili somo lililowashinda.

Lawama kwamba walimu hufuata posho tu haina haki. Mtu anayelala mbali na kwake kwa kazi ya umma anastahili chakula, malazi na nauli, na mhadhiri hupewa hivyohivyo bila kuulizwa nia yake.

Kwa hiyo wakuu wa vyuo vikuu vinavyofundisha ualimu, vya dini na vya serikali, waanze na hatua moja wanayoiweza mwaka huu: kabla ya kupanga semina, watume wahadhiri wao wakakae wiki nzima katika madarasa ya shule za Ziba na kata nyingine kama hiyo, wasikilize, kisha walimu wenyewe ndio waandike ratiba.