Soko Limejaa Kabla ya Jogoo

Mwanamke wa Nyangwe anaamka usiku kwenda kuuza mchele. Simu imezima tangu jana, saa hana, na mbalamwezi imemdanganya kwamba kumekucha. Anajitwika kapu lake, anashuka mpaka ukingo wa Lualaba, na huko anakuta soko limeshajaa. Wanawake wamekaa safu kwa safu, bidhaa ziko mbele yao. Hakuna anayenadi, hakuna mtoto anayelia. Wote wamempa mgongo, wanautazama mto.

Mdogo wangu, hiyo tayari ni sinema ya kutisha, na bado hatujatumia hata faranga moja.

Nakuandikia wewe wa Maniema, uwe wa Lusangi, wa Kasongo mjini au wa Kabambare, uliyebeba hadithi kichwani mwaka wa tatu sasa ukingoja kamera. Acha kungoja. Kamera ni kitu cha mwisho. Kutoka wazo mpaka siku ya kuchagua waigizaji kuna kazi ya miezi, na karibu yote inataka daftari, kalamu, miguu na masikio. Ukiimaliza vizuri, hata simu ya kuazima itakutosha kupigia picha. Ukiiruka, hakuna kamera itakayokuokoa.

Tuanze na wazo, maana hapo ndipo ulipo utajiri wako. Soko lile sikulitunga lote. Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki waliwafyatulia risasi wanawake waliokuwa wakiuza na kununua sokoni Nyangwe. Waliokwepa risasi walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikalemewa, mto ukawachukua. David Livingstone alikuwa pale, akaona kwa macho yake, akaandika kwamba waliokufa walikuwa mamia. Habari hizo zilipofika Uingereza ziliwasha hasira, na hasira hiyo ikachangia kumbana Sultani Barghash mpaka akafunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873. Dunia ilisoma habari za soko lenu zaidi ya miaka 150 iliyopita. Ni nani amewahi kuzisimulia kwa sauti ya wajukuu wa wale wanawake?

Na hiyo ni asubuhi moja tu. Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, na wa mwanawe Sefu, kabla majeshi ya Wabelgiji chini ya Dhanis hayajauteka Aprili 1893. Kabambare misafara ilipita ikielekea Tanganyika. Ardhi iliyokanyagwa hivyo haikosi mahali ambapo watu hushusha sauti wanapopita. Muulize bibi yako ni mwembe gani alikatazwa kuupita baada ya magharibi alipokuwa mtoto, na kwa nini. Andika jibu lake neno kwa neno, hata pale anaponyamaza.

Najua utaniambia habari ya fedha. Sinema ya mapenzi inataka nyumba nzuri na nguo za kubadilisha. Sinema ya hofu inataka giza, na giza la Maniema hakuna anayekutoza. Mwaka 1997 vijana wa Marekani waliingia msituni Maryland na waigizaji watatu na kamera za mkononi, wakapiga picha siku nane. The Blair Witch Project ilipotoka mwaka 1999 iliingiza karibu dola milioni 250, na mchawi mwenyewe haonekani hata mara moja. Tanzania, Mussa Banzi aliwatisha watu kwa Nsyuka na Shumileta, filamu za video zilizotazamwa sebuleni. Kampala, Nabwana wa Wakaliga amefanya hata sinema za vita kwa vyuma chakavu na majirani zake. Hao wote walianza na kilichokuwa mlangoni pao.

Kabla ya kuandika, simulia. Kaa na watu jioni wakimenya karanga, toa hadithi yako kwa dakika tano. Usiwasikilize wanaokusifu. Itazame mikono. Pale mikono inapoziacha karanga, pale mtoto anapouvuta mkeka karibu na mama yake, hapo ndipo filamu yako ilipo. Pale mtu anapoomba maji ya kunywa, kata. Simulia tena kesho, nyumba nyingine.

Halafu ibane hadithi katika sentensi moja: nani, anataka nini, nini kinamzuia. Mama anataka kuuza mchele alipe karo ya mwanawe, na soko alilolikuta halimwachii njia ya kurudi. Ukishaipata sentensi hiyo, andika muswada. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, kwa hiyo kurasa kumi na tano zinatosha kwa kazi ya kwanza. Andika kwa kupima ulicho nacho: sehemu moja au mbili, watu watano wanaosema, wengine wa kukaa kimya. Na ujue mwanga wako. Kwetu karibu na ikweta jua likishazama giza halichelewi; ule mwanga wa buluu unaofaa kuigiza usiku unaupata dakika ishirini hivi. Tukio la soko utalipiga picha jioni nne mfululizo, kipande kwa kipande, kwa hiyo liandike kwa vipande.

Andika na sauti pia. Mchi unatwanga kinuni saa nane za usiku, katika nyumba isiyo na mtu. Mtazamaji akiusikia hutahitaji kumwonyesha kitu.

Kuna njia moja nakusihi usiishike, ingawa ndiyo rahisi kuliko zote: sinema ambayo bibi kizee mjane au mtoto yatima ndiye mchawi, na mwishoni wanakijiji wanamfukuza huku watazamaji wakipiga makofi. Kwetu mambo hayo hayaishii kwenye kioo. Watoto wametupwa barabarani kwa neno hilo, wazee wamepigwa. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto imekataza kumshutumu kwa uchawi. Mtazame Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi: katika filamu yake Augure aliigeuza kamera ikasimama upande wa wanaoshutumiwa, na mwaka 2023 tamasha la Cannes likampa tuzo. Mtoto anayesikia jina lake likinong'onwa nyuma ya mlango, na miongoni mwa sauti anaitambua ya baba yake, anaogopa kuliko mtu yeyote aliyekutana na jini. Simama naye.

Sasa waigizaji. Hapa wengi wanaharibu kwa kumtafuta mzuri wa sura au binamu wa mwenye kamera. Rachel Mwanza alikuwa msichana wa mitaani Kinshasa, hakusomea uigizaji popote. Mwongozaji Kim Nguyen akamweka mbele katika Rebelle, filamu ya binti anayewaona wafu, na mwaka 2012 tamasha la Berlin likampa Rachel tuzo ya mwigizaji bora wa kike. George Romero naye, alipotengeneza Night of the Living Dead iliyotoka mwaka 1968, alimpa Duane Jones, mwanamume Mweusi, nafasi ya kwanza kwa sababu alifanya usaili vizuri kuliko wote. Watafute walipo: kwaya ya parokia, madrasa, wauza mawese, yule mzee ambaye akisimulia kilioni watu husahau kulia. Waache waseme Kiswahili chao cha Maniema, au Kibangubangu, au Kizimba. Hofu haiji katika lugha ya kuazima.

Mwigizaji akiwa mtoto, zungumza kwanza na wazazi wake, waeleze hadithi nzima, na kamwe usimtishe kweli ili upate machozi. Kila atakayeigiza mwandikie karatasi: siku ngapi, chakula gani, fungu gani filamu ikiuzwa, sahihi mbili. Urafiki mwingi umevunjika kwa kukosa karatasi hiyo.

Siku ya usaili usimwambie mtu yeyote apige kelele. Kelele kila mtu anazo. Tandika mkeka uwanjani, waombe wanawake watano wakae wakiwa wamekupa mgongo. Mpe mama anayetaka nafasi ya muuza mchele kapu la mchele. Mwambie ajitwike, atembee hatua kumi, asimame. Kisha mwambie polepole kwamba mmoja wa wale wanawake anageuka, na ana sura ya marehemu mama wa huyo mwenye kapu. Nyamaza, umtazame.