Mama na Picha ya Maua: Je, Maskini Anahitaji Uzuri?



Tangu mwaka 2014 mauaji katika nchi ya Beni yamewatoa watu wengi katika mashamba yao, nasi huku Vuhovi, katika milima ya Bashu, tumezoea kuwapokea wageni wenye mizigo midogo. Jioni moja alifika mama mmoja, mtoto mchanga mgongoni, na kwapani amebana kitu kilichofungwa kwa kitenge. Majirani walidhani ni sufuria. Alipokifungua, ilikuwa picha ya karatasi ndani ya fremu ya mbao, kioo chake kimepasuka: maua ya alizeti katika chungu cha manjano. Mwanamke mmoja akacheka, akamwuliza, «Je, hiyo utaipika?» Mama akajibu kwa upole, «Sufuria nitaazima kwako, dada. Nyumba yangu nitaiazima kwa nani? Mtoto wangu wa kwanza alijifunza kuhesabu kwa maua haya.» Hakusema yule mtoto yuko wapi, wala hatukumwuliza.

Kesho yake habari hiyo iliingia katika masomo ya dini, na wakatekumeni waliniuliza maneno matatu. Nayaandika hapa, kwa maana yawafaa wote.

Neno la kwanza: Je, picha hiyo si sanamu ya kipagani? Hapana. Amri ya Mungu yatukataza kukiabudu kiumbe, wala haitukatazi kukitazama. Mtaguso wa Pili wa Nikea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima tunayoipa picha takatifu yamfikia yule aliyechorwa ndani yake. Na picha ya maua haiombwi neno lolote, yatazamwa tu. Lakini mtu akiitundika mlangoni kama hirizi, ili imkinge na radi au wachawi, huyo amekosa, hata kama picha ni nzuri.

Neno la pili: Je, ua lisilo na harufu si uwongo? Mwongo ni yule atakaye kudanganya. Mchoraji hamwambii mtu, «Hili ni ua, lipande.» Amwambia, «Tazama vema kile ulichokipita kila siku bila kukiona.» Bwana wetu naye aliwaonyesha wafuasi wake maua ya kondeni, akawaambia kwamba Mfalme Solomoni katika fahari yake yote hakuvikwa kama mojawapo la hayo. Asiyejua kutazama ua, atamsifuje aliyeliumba?

Neno la tatu ndilo zito: Watu wana njaa, je, si dhambi kushika maua?

Sikilizeni kwanza habari za aliyeyachora. Picha ya yule mama ni nakala ya mashine, ya thamani ndogo, lakini picha yenyewe ni kazi ya Vincent van Gogh, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1853. Kabla ya kuwa mchoraji alikuwa mhubiri wa Kiprotestanti. Mwaka 1879 alikaa huko Borinage, Ubelgiji, kati ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Alipoona umaskini wao aliwagawia nguo zake, akalala juu ya majani makavu katika kibanda. Wakuu wake hawakupendezwa naye, wakamwondoa kazini. Ndipo akashika kazi ya kuchora, naye mdogo wake Theo akawa anampelekea fedha ya kuishi. Mwezi wa Agosti 1888, mjini Arles, Ufaransa, alichora alizeti ili apambe chumba cha rafiki aliyemngoja, mchoraji Paul Gauguin. Alikufa mwaka 1890, mwenye miaka 37, na katika uhai wake picha zake karibu hazikununuliwa. Mwaka 1987 mojawapo ya alizeti zake iliuzwa London kwa karibu paundi milioni 25.

Basi fahamuni: mkono uliowagawia maskini nguo ndio mkono uliochora maua. Mambo hayo mawili hayakugombana ndani ya mtu mmoja. Aliwavika wachimbaji kwa kuwa aliwapenda. Alimpambia rafiki chumba kwa kuwa alimpenda.

Tena kumbukeni Betania. Maria alipoipaka miguu ya Yesu marhamu ya thamani, Yuda alinung'unika, akauliza kwa nini haikuuzwa kwa dinari 300 wapewe maskini. Mwinjili Yohane atuambia kwamba hakusema hivyo kwa kuwahurumia maskini. Tujihadhari basi: mara nyingine tunawataja maskini ili tupate kumhukumu jirani, na mfuko wetu tumeufunga.

Lakini tusikose upande wa pili. Anayenunua picha kwa fedha ya shule ya mtoto wake, au ili wageni wausifu utajiri wake, huyo hapendi uzuri, ajipenda mwenyewe. Na anayempa mkimbizi maua tu, bila chakula, amemdhihaki. Maharagwe kwanza, lakini baada ya maharagwe mtu hubaki mtu, mwenye roho ikumbukayo na kutamani. Ng'ombe akishiba hulala. Mtu akishiba huuliza: nyumba yangu iko wapi?

Tazameni tena picha ile. Baadhi ya maua yamefunguka, mengine yamenyauka na kubaki vichwa vya mbegu. Ninyi wakulima mwajua kwamba mbegu ya alizeti haivunwi kabla ua halijakauka. Yule mama alibeba karatasi tu, lakini ndani yake alibeba tumaini ambalo ninyi mnajiandaa kulipokea katika maji ya Ubatizo.

Siku ya tatu, yule mwanamke aliyecheka alimpelekea sufuria. Alisimama mlangoni kitambo, akitazama ukutani, kisha akaingia.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:
1. Picha huwa sanamu ya kipagani wakati gani?
2. Yuda aliwataja maskini kwa nia gani? Na mimi je?
3. Nimempa nini mgeni aliye jirani yangu juma hili?