Risasi Moja Bei Gani?

Jioni moja pale kijiweni kwetu Singida mjini mshikaji mmoja alituletea habari mpya. Eti huko Marekani kuna watu ambao hobi yao ni kujitengenezea risasi nyumbani. Tukacheka. Sisi hobi zetu ni mpira, muziki na kuandika mashairi yasiyolipwa hata senti.

Lakini jamaa alikuwa ameyachimba mambo. Ganda la shaba lililokwisha kupigwa huokotwa, likasafishwa na kurudishwa umbo lake kwa mashine ya mkono. Kisha hutiwa fataki mpya na baruti iliyopimwa kwenye mizani midogo, na juu hubanwa kichwa cha risasi. Ganda ndilo ghali, nalo hutumika tena na tena. Hapo ndipo wanaposema wanaokoa pesa. Ila mashine, mizani na vifaa vya kila aina ya bunduki vinaweza kumeza mamia ya dola kabla hujapiga hata risasi moja. Tena wenyewe hutaniana kwamba hakuna kinachookolewa: risasi ikishakuwa rahisi, mtu anapiga nyingi zaidi!

Wenzangu wakaanza kupiga hesabu za dola. Mimi nilikuwa mbali, namwaza mjomba.

Mjomba aliishi kando ya vichaka vya Itigi na alikuwa na gobore. Naye, ukitazama vizuri, alijitengenezea risasi. Alimimina baruti mdomoni mwa mtutu kwa kukisia, akashindilia kitambaa, akatia gololi, akapachika fataki. Mizani yake ilikuwa kiganja cha mkono. Leseni hakuwa nayo. Mwaka 2008, nikiwa darasa la pili, alikamatwa na nyama ya ngiri. Ng'ombe watatu waliuzwa kulipa faini na mambo mengine yanayoandamana na kesi. Binti yake akakosa ada ya sekondari, maana siku hizo ada ililipwa. Hakurudi tena shule.

Sasa tujiulize, ndugu msomaji: risasi ile moja ilikuwa bei gani?

Humu humu mkoani kwetu limo Pori la Akiba la Rungwa, lililotangazwa mwaka 1951. Mtalii mwindaji anakuja na bunduki yake, analipia vibali kwa dola, anapiga nyati, anapiga picha, anaondoka na pembe. Huyo anaitwa mgeni. Mjomba aliitwa jangili. Wote wawili walifyatua, na mnyama hakujua tofauti. Je, pesa inanunua kibali tu, au inanunua na usafi wa moyo?

Usinielewe vibaya. Sisemi mjomba alionewa. Tanzania ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009. Kufikia 2014 walibaki kama 43,000. Kila mtu angejipa ruhusa kwa kuwa ana njaa au ana gobore, leo tungekuwa tunawasimulia wadogo zetu habari za tembo kama hadithi za sungura na fisi. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 nayo ina sababu zake: baruti haichagui wa kumlipua. Gobore la kukisia linaweza kumpasukia mwenyewe usoni.

Ninachokataa ni ile hesabu ya kijiweni, kwamba gharama ya kitu ni zile noti zinazotoka mfukoni mwa anayekipenda. Hapana bwana. Bei hulipwa na mnunuzi, lakini gharama huweza kutua kwa mwingine kabisa. Mjomba alifyatua, akalipa binti yake. Mwenye dola naye hawezi kusema risiti imemaliza mambo yote. Risiti inaonyesha kwamba alikuwa na uwezo. Haionyeshi kwamba ilimlazimu kuua.

Nami nisijifanye mtakatifu. Wiki moja kabla ya kukamatwa, mjomba alituletea mguu wa ngiri usiku, umefungwa kwenye gunia. Mama alifunga mlango kwanza ndipo akainjika sufuria. Nilikula nikashiba, nikalamba vidole. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini nilijua kwa nini mlango umefungwa. Na ile kesi ilipokuja, nyumbani kwetu hakuna aliyeuza hata kuku.

Binti yule leo ana watoto wawili, analima alizeti. Tukikutana anacheka, ananiita mwandishi. Hajawahi kunidai kitu. Ila kila nikisikia mtu anataja bei ya hobi yake, naona lile gunia, naona mlango unafungwa, najiuliza kama deni lile lina mtu mwingine wa kulilipa zaidi ya sisi tuliokula.

Wewe msomaji unasemaje?