Kikombe cha Mjomba

Mjomba alimaliza dozi ya kifua kikuu, miezi sita bila kuruka siku. Makohozi yakapimwa, wadudu hawakuonekana. Lakini mpaka leo, akipanda kutoka Songea mjini kwenda kwake Matogoro, husimama mara tatu akihema. Siku moja aliniuliza, "Wadudu wamekufa. Sasa nani ananikaba pumzi?"

Jibu lake ni gumu kulisema: ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Robert Koch alipowatambulisha bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, tulipata wa kumlaumu. Lakini bakteria hao peke yao hawatoboi pafu. Chembe nyeupe za damu huwazingira na kujenga ukuta, na vita vikirefuka, vimeng'enya zinavyomwaga humeng'enya pafu lenyewe. Ndiyo maana mgonjwa ambaye kinga yake imedhoofishwa sana na VVU mara nyingi huwa na matundu machache zaidi mapafuni, ingawa hatari yake ya kufa ni kubwa zaidi. Hata katika sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu kuwa mzito, bakteria hukaa miaka, na askari waliokuja kuwafukuza ndio wanaobomoa nyumba.

Je, tuilaumu kinga? Mimi siwezi. Bila ukuta ule, huenda mjomba asingefika hospitali. Chembe ya damu haijui kesho wala haichagui. Sisi ndio tunaochagua.

Nasema hivi kwa sababu ya kikombe. Alipougua tulimtengea chake, kujikinga. Kifua kikuu huenea kwa hewa, si kwa kikombe, lakini tuliogopa, na kuogopa si kosa. Kosa ni kwamba dozi iliisha na kikombe kikabaki peke yake rafu ya chini. Mjomba akawa anakichukua mwenyewe, bila kuambiwa. Tulikuwa tunajilinda na adui aliyekwisha kuondoka, na aliyeumia ni wa kwetu.

Kujilinda ni haki, ila haki hiyo ina mwisho wake, na mwenye akili ndiye anayepaswa kuuona. Juzi nilimmiminia chai katika kikombe ninachonywea mimi. Alikitazama kwanza, kisha akanywa.

Makovu ya pafu lake hatuwezi kuyaondoa. Kikombe tuliweza, tukachelewa.